Kubeba mtoto wakati wa mvua: yale ambayo baiskeli za sanduku za Ulaya zinatufundisha

Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa 9, na hapa Kivu mvua pia inarudi mwezi wa 9. Kwa wazazi wa Goma na Bukavu, mambo haya mawili yanafika pamoja kila mwaka. Asubuhi mapema motari anasimama mbele ya lango. Mtoto mmoja anakaa mbele yake juu ya tanki, wawili ao watatu nyuma. Kama mawingu yamefunga, kuko plastiki moja ao kipande cha turubai cha kufunika wote. Pikipiki ikiondoka, mzazi haoni tena sura ya mtoto wake. Anaona tu viatu vinavyoning'inia chini ya plastiki.

Wengi wetu tuko na ndugu Ubelgiji, Uholanzi ao Ufaransa. Wanatutumia picha kwenye simu, na kati ya picha hizo kuko moja inayotushangazaka: baiskeli ndefu yenye sanduku mbele, na juu ya sanduku hema ndogo yenye dirisha. Ndani yake watoto wawili wamekaa wakavu, wanacheka, huku mama yao anapiga pedali na mvua inamnyeshea. Hii kitu ni nini? Inatumika namna gani? Na kuko neno ambalo mzazi wa huku kwetu anaweza kuchukua ndani yake, hata kama hatanunua baiskeli hiyo maisha yake yote? Tunajibu hapa, hatua kwa hatua.

Baiskeli ya sanduku ni nini?

Waholanzi wanaiita bakfiets, maana yake baiskeli ya sanduku. Si kitu kipya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wauza mikate na wauza maziwa wa miji ya Uholanzi walikuwa wanatembeza bidhaa zao ndani ya masanduku ya mbao yenye kusukumwa kwa pedali. Denmark nao, katika miaka ya 1920, walikuwa na baiskeli ya mizigo inayoitwa Long John: magurudumu mawili, na kati ya usukani na gurudumu la mbele mahali pa chini pa kuweka mzigo. Sisi watu wa Goma hatuwezi kushangaa sana. Mwenye chukudu anajua vizuri kwamba mzigo ukikaa chini, chombo hakiyumbi.

Magari na camionnettes yalipoenea, baiskeli hizo zilianza kupotea. Zilirudi kwa sababu ya watoto. Mwaka wa 1984, ndani ya mtaa wa Christiania mjini Copenhagen, ilitengenezwa baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele, na wazazi wakaanza kuitumia kupeleka watoto shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waholanzi nao walianza kuuza kwa wingi baiskeli ndefu ya magurudumu mawili yenye sanduku la watoto: ndani kuko kibao cha kukalia na mikanda ya kufunga.

Shida ilikuwa uzito. Baiskeli ya namna hiyo yenye mota na betri mara nyingi inafika kilo 40 hadi 60 bila mtu. Ongeza watoto wawili na mifuko ya shule, na mzazi anapanda daraja akihema. Ndiyo maana mota ya umeme ilibadilisha mambo. Katika Umoja wa Ulaya, ili ihesabiwe bado kama baiskeli ya kawaida, mota isipite wati 250, inasaidia tu kama mtu anapiga pedali, na inaacha kusaidia ikifika kilometa 25 kwa saa. Mota na betri zimefungwa vizuri ili maji ya mvua yasiingie. Bei yake mara nyingi inapita euro 4 000, kwa hiyo hata kule si kitu cha kila familia.

Kifuniko cha mvua kimetengenezwa namna gani?

Kifuniko kinauzwa mbali na baiskeli. Kiko na sehemu tatu.

Ya kwanza ni miti yake: fimbo nyembamba za aluminiamu ao za nyuzi za kioo, zinazopinda kama zile za hema ya kulalia. Kazi yake ni kuinua kitambaa, kisiguse kichwa cha mtoto.

Ya pili ni kitambaa: nailoni ao poliesta iliyopakwa upande wa ndani dawa isiyopitisha maji. Mishono yake inafunikwa na utepe, sababu maji yanapitaka kwanza kwenye tundu za sindano.

Ya tatu ni madirisha ya plastiki angavu, mbele na pembeni. Si ya urembo. Kwa madirisha hayo mzazi anaona mtoto, mtoto anaona njia, na dereva wa gari anaona kwamba ndani ya sanduku kuko watu.

Kitambaa kinashikwa kwenye sanduku kwa vifungo, zipu ao utepe wa kunata. Kifuniko kizuri kinabana pande zote na hakiachi ncha yoyote inayopepea. Tena, na hapa ndipo wengi wanashangaa, kifuniko kizuri hakifungi kabisa. Kinaacha nafasi ya hewa, mara nyingi nyuma, upande wa mzazi, ao chini ya ukingo mahali mvua haifiki.

Mbona mtoto afunikwe kuliko mzazi?

Mtu akiangalia picha ile anaweza kusema: mzazi analowana, mtoto anadekezwa. Si hivyo. Mzazi anayepiga pedali anatengeneza joto mwilini. Mtoto anakaa tu. Hatembezi misuli, na mwili wake mdogo unapoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima, sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Nguo ikilowana, maji yanavuta joto kutoka kwa mwili. Upepo wa mwendo ukipita juu ya nguo hiyo, baridi inazidi. Kwa hiyo mvua peke yake si adui mkubwa. Adui ni mvua na upepo vikiungana juu ya mtoto asiyetembea.

Jambo hili ni la kweli Amsterdam, na ni la kweli zaidi juu ya pikipiki ya Bukavu. Baiskeli ya sanduku inaenda kilometa 15 ao 20 kwa saa. Pikipiki inaenda 40 na zaidi, ndani ya mji ulio kwenye urefu wa metre karibu 1 500, mahali ambapo asubuhi ya mvua hakuna anayeuliza kama kuko baridi.

Mahali kifuniko kinashindwa

Wazazi wa kule nao walijifunza kwa kupata shida, na shida zenyewe zinajulikana.

Kwanza, mvuke. Watoto wawili wakipumua ndani ya hema iliyofungwa, madirisha yanapata ukungu na maji yanadondoka kutoka ndani. Jua likitoka, plastiki angavu inapasha hema joto kama gari lililoachwa juani. Kwa hiyo kanuni yao ni kufungua kifuniko mara tu mvua inapokoma, hata kama safari haijaisha.

Pili, upepo. Hema ni kama tanga la mtumbwi. Upepo wa pembeni ukipiga, baiskeli inasukumwa. Ile ya magurudumu mawili inatikisika, na mwenye kuendesha analazimishwa kupunguza mwendo.

Tatu, kuona. Plastiki angavu inazeeka. Jua linaifanya kuwa njano na kuikwaruza, baridi inaipasua. Dirisha lisilopitisha tena macho linabadilishwa, halivumiliwi.

Nne, kifuniko hakiponyeshi chombo kibovu. Mwezi wa 2 mwaka wa 2024, ofisi ya serikali ya Uholanzi inayochunguza usalama wa bidhaa iliamuru kampuni ya Babboe, moja ya wauzaji wakubwa wa baiskeli za sanduku, kusimamisha mauzo, sababu fremu za baiskeli zake zilikuwa zinavunjika. Wazazi wengi waliambiwa waache kuzitumia. Mtoto anaweza kuwa mkavu kabisa juu ya chuma kinachokaribia kukatika. Maana yake: kabla ya kuuliza juu ya mvua, tunauliza kwanza juu ya breki, matairi na chuma.

Mvua yao si mvua yetu

Hapa tusimame kidogo, sababu ni rahisi kuiga kitu bila kuangalia kilitengenezewa nini. Uholanzi ni nchi tambarare, na mvua yake inakuja miezi yote ya mwaka. Mara nyingi ni mvua nyembamba inayoweza kuendelea saa nyingi. Ukiingoja, siku inaisha. Watoto wanapita kwenye njia zilizotengwa kwa baiskeli, kwa mwendo mdogo. Hema juu ya sanduku ni jibu la hali hiyo.

Huku kwetu mara nyingi mvua inakuja kwa nguvu, inajaza mitaro, kisha inapungua. Barabara ni ya mlima, ao ya mawe ya volkeno, ao ya udongo unaoteleza. Chombo chetu ni pikipiki, si sanduku. Kwa hiyo hema yao haiwezi kukaa juu ya pikipiki yetu, na mtu asijaribu kuitengeneza. Tunachoweza kuchukua ni akili iliyo ndani yake: mtoto apumue, kitambaa kifungwe, na mtoto aonekane. Tuiweke kila moja juu ya pikipiki tuone.

Mtoto apumue

Plastiki kubwa iliyotupwa juu ya watoto watatu ni hema isiyo na miti wala dirisha. Upepo wa mwendo unaibandika kwenye sura. Mtoto wa miaka nane anaweza kuisukuma kwa mkono. Mtoto wa miaka miwili hawezi kila mara, na mtoto anayenyonya hawezi kabisa. Kufunika kichwa cha mtoto mdogo kwa mfuko wa plastiki, hata kwa dakika kumi tu, ni hatari kubwa kuliko mvua yenyewe.

Mtoto mchanga anabebwa mahali ambapo yule anayembeba anaona pua na mdomo wake. Kidevu kisilale juu ya kifua chake, sababu hapo njia ya hewa inajikunja. Mama zetu wanabebaka mtoto mgongoni na kikwembe, na kwa kutembea ni namna nzuri. Lakini juu ya pikipiki, wakati wa mvua, na koti la mvua juu yake, mama haoni tena kinachofanyika mgongoni. Akimbeba kifuani, asikubali mtoto abanwe na mgongo wa motari. Na tuseme wazi: kwa mtoto wa miezi michache, jibu zuri si kifuniko. Jibu ni kungoja, ao kutafuta gari.

Kitambaa kifungwe

Gurudumu halina huruma na kitambaa. Ncha ya kikwembe, ya shali ao ya koti refu ikiingia kwenye spoki ao kwenye mnyororo, inavutwa kwa nguvu ya mota, na mtu anavutwa nayo. Katika nchi za Asia ya Kusini, mahali wanawake wengi wanavaa shali ndefu, waganga wameandika mara nyingi juu ya watu walioumia shingo kwa namna hiyo juu ya pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Sisi tunavaa vikwembe. Hatari ni ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mtu mzima apitishe mkono kuzunguka pikipiki: hakuna kamba inayoning'inia, hakuna ncha inayofika chini ya kiti. Kikwembe kikazwe na kuingizwa ndani. Koti la mvua la mtoto liishie kwenye magoti, lisifike miguuni.

Tusisahau bomba la moshi. Linapata joto kali, na plastiki ikiligusa inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mguu wa mtoto usioweza kufika kwenye mahali pa kukanyagia unatafutaka mahali pa kushikilia, na mara nyingi ni kwenye bomba hilo. Mtoto ambaye miguu yake haifiki hajafika umri wa kupanda nyuma peke yake.

Mtoto aonekane

Wakati wa mvua dereva wa lori anaona vibaya. Kioo kinapata ukungu, na mwanga wa asubuhi ni hafifu. Turubai nyeusi ao ya rangi ya udongo inafanya pikipiki nzima ipotee ndani ya barabara. Rangi ya njano, ya machungwa ao nyeupe inaonekana mbali. Kipande cha utepe unaorudisha mwanga, kama ule wa jile za wafanyakazi wa barabarani, kikishonwa mgongoni na kwenye mikono, kinafanya kazi kubwa.

Motari naye awashe taa hata mchana. Na macho yake yabaki wazi: wengine wanavuta plastiki hadi juu ya kaske, na kioo cha kaske kinapata ukungu kwa pumzi. Mtu asiyeona njia asibebe mtoto wa mwenzake.

Na mwavuli?

Katika miji fulani utaona mwavuli mkubwa umefungwa juu ya pikipiki. Wengine wanashika tu mwavuli mkononi nyuma ya motari. Tufanye hesabu kidogo. Nguvu ya upepo inaongezeka haraka kuliko mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inazidishwa mara nne. Mwavuli wenye upana wa metre moja, ukielekezwa mbele, kwa kilometa 20 kwa saa unavutwa na nguvu kama ya kilo moja na nusu. Kwa kilometa 40, ni kama kilo sita. Na kama upepo wa mvua unatoka mbele, ni zaidi tena. Mkono mmoja unashika kilo sita zinazovuta nyuma, mkono wa pili unashika mtoto. Nani anashika pikipiki?

Kuko jambo lingine ambalo watu hawafikirii. Tone kubwa la mvua linaanguka kwa mwendo wa kilometa karibu 30 kwa saa. Pikipiki ikienda 40, mvua haitoki tena juu, inatoka mbele zaidi kuliko juu. Mwavuli wa juu unalinda kidogo tu. Na yule mtoto anayewekwa mbele juu ya tanki, ambaye wazazi wanafikiri iko salama sababu motari anamzungushia mikono, ndiye anayepokea mvua yote na upepo wote kifuani. Tena, pikipiki ikigonga kitu, yeye ndiye wa kwanza kugonga. Mahali penye ulinzi wa mvua ni nyuma ya mgongo wa motari, kati yake na mtu mzima. Mtoto mmoja, si watatu.

Kushonesha koti la mtoto

Mzazi asiye na pesa ya kununua koti la dukani anaweza kwenda kwa fundi wa kushona. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika, ao plastiki nzito inayopinda bila kupasuka, kinatosha kwa mtoto mdogo. Mwambie fundi mambo haya:

Kofia ya koti ibane kichwa kwa elastiki kidogo, bila kamba ya kufunga shingoni. Kamba ya shingoni ikikamatwa inanyonga.

Koti liwe na mikono, si kipande kimoja kinachopepea kama bendera. Mkono wa mtoto lazima uwe huru kushika.

Vifungo viwe mbele, vya kufunguka haraka vikivutwa.

Urefu uishie magotini. Kama mtoto anakua haraka, akunje ndani, asiache nje.

Rangi iwe ya kung'aa, na utepe wa kurudisha mwanga mgongoni.

Chini ya kofia hiyo kuko neno la kaske. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa ajali ya pikipiki kwa karibu 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Lakini kaske ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto inazunguka na kufunika macho. Kama ni ya mtoto, ivaliwe na ifungwe, na kofia ya koti isizuie kufunga mkanda wake.

Mwishoni, weka nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya mfuko wa shule. Mfuko wa plastiki unafaa kulinda nguo na madaftari, si kichwa cha mtoto.

Mtoto akilowana

Hata ukijitahidi namna gani, siku moja atafika amelowana. Toa nguo zote zenye maji kwanza, usifunike nguo kavu juu ya zenye maji. Mpanguse, anza na kichwa. Mvalishe nguo kavu, mpe kitu cha moto cha kunywa kama anakunywa tayari. Mtoto mchanga apewe ziwa na alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa pamoja naye. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya digri 36,5 na 37,5. Akiwa baridi mikono na tumbo, akiwa mlegevu, akikataa kunyonya, hiyo si baridi ya kawaida: apelekwe haraka kwenye kituo cha afya. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mtu mkubwa, kwa hiyo usingojee kuona akitetemeka.

Na jambo moja la kusahihisha. Wengi wanasemaka kwamba mvua inaleta malaria. Malaria inaletwa na mbu. Nimonia inaletwa na vijidudu. Mtoto akipata homa siku mbili ao tatu baada ya kunyeshewa, usiseme "ni mvua tu, itapita." Apimwe. Kusingizia mvua kunapotezea watoto siku ambazo zingewaokoa.

Kifuniko kizuri ni paa

Tulisema mvua yao inaendelea na yetu mara nyingi inapungua. Hiyo ni bahati yetu, tuitumie. Robo saa chini ya baraza la duka, la kanisa ao la stasheni ya mafuta inashinda kila plastiki. Lakini mzazi peke yake hawezi kuamua hivyo, sababu kuko watu wengine wawili ndani ya jambo hili.

Wa kwanza ni motari. Anaogopa kupoteza mteja wa pili na wa tatu. Wazazi wanaolipa kwa mwezi wanaweza kupatana naye mapema, kabla ya mvua ya kwanza: mvua ikiwa kubwa, unasimama, na malipo yako hayapungui. Mkiongea siku ya kiangazi, hamtagombana siku ya mvua.

Wa pili ni shule. Mahali mtoto aliyechelewa anarudishwa nyumbani ao anaachwa nje ya lango, mzazi na motari watakimbia ndani ya mvua, hata kama wanajua hatari. Kamati ya wazazi inaweza kuleta swali hili kwenye mkutano wa kwanza wa mwaka: siku ya mvua kubwa, lango libaki wazi nusu saa zaidi. Haigharimu kitu.

Yule mama wa picha, mwenye hema na dirisha, alilipa pesa nyingi ili aweze kuona sura ya mtoto wake wakati mvua inanyesha. Sisi hatuna sanduku wala hema. Lakini kesho asubuhi, kabla motari hajawasha pikipiki, tunaweza kuinua ile plastiki, tuangalie kama mtoto anapumua vizuri, tuingize ncha za kikwembe ndani, na kama mbingu imefunga sana, tumwambie motari: ngoja kwanza.